Zana za Karakana ya Nyumbani: Ipi Itangulie?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali mjini Tunduma, mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa siku ya Mkutano wa Mwaka.)



Nilipopata barua ya kunitaka nitoe hotuba, nilidhani nitaombwa kusema juu ya utumishi wa umma, au juu ya masomo ya Chuo Kikuu. Kumbe Katibu wetu alikwisha kupita nyumbani kwangu Jumamosi moja, akanikuta nimelala chini ya gari, nguo zimejaa grisi. Akasema, "Basi hilo hilo ndilo ukatuambie." Nami nimetii.

Sina budi kukiri mapema kwamba mimi si fundi. Chuo Kikuu nilisoma mambo ya utawala, na kalamu ndiyo inayonilisha. Niliyo nayo nyumbani ni banda la mabati, urefu wake hatua saba na upana hatua nne, lenye meza moja nzito na zana nilizozikusanya kidogo kidogo. Ninayoyasema leo ni ya mtu aliyejifunza kwa kukosea, na moja ya makosa hayo alililipia mtu mwingine. Nitafika huko.

Ndugu Mwenyekiti, sisi wa Songwe chuma si mgeni kwetu. Wazee wa Kinyiha hapa Mbozi walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, wakafua majembe na mashoka, kama walivyofanya jirani zao wa Ufipa. Kimondo chetu cha Mbozi ni pande la chuma kilichochanganyika na nikeli, nacho hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inavuka mpaka hapo hapo Tunduma. Na barabara kuu ya kwenda Zambia ndiyo hiyo, malori yamejipanga, na chini ya malori miguu ya mafundi imejitokeza. Mtoto wa Tunduma huijua spana kabla hajaijua kalamu.

Hata hivyo kuijua spana ni jambo moja, na kujua ipi itangulie kununuliwa ni jambo jingine. Hilo ndilo nililokuja kulisema.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva. Alituachia sanduku la bati lenye spana za gari la Land Rover la zamani, zote za inchi. Nilipoanza kazi na kununua gari langu la kwanza, gari dogo la Kijapani lililokwisha tumika, nilijiona nimekamilika, maana sanduku ninalo. Siku ya kwanza nikaitia spana ya nusu inchi kwenye nati ya namba 12. Nusu inchi ni milimeta 12.7. Ile sehemu ya milimeta iliyozidi ilitosha kabisa kuila nati pembe zake zote, ikabaki mviringo kama kifungo cha shati. Fundi aliyekuja kuitoa kwa tindo na nyundo alinicheka mpaka akakaa chini.

Hilo lilikuwa somo la bei nafuu. La pili halikuwa nafuu.

Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka 2009, siku ya Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo wa uani ulikuwa umelowa. Breki ya nyuma ilikuwa inalia, nikaamua kuifungua mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa nyumbani kwa likizo fupi. Alikuwa Kidato cha Pili katika shule hii hii, na baadhi yenu mnamkumbuka. Nikamwambia anisaidie.

Ili ngoma ya breki itoke, sharti breki ya mkono ilegezwe. Nikailegeza. Nikaiondoa na gia ili gurudumu lizunguke. Gari nikaliinua kwa jeki ndogo iliyokuja nayo, nikaisimamisha juu ya udongo mtupu. Magurudumu ya mbele sikuyawekea hata jiwe. Yaani gari zima lilikuwa halishikwi na kitu chochote isipokuwa kile kijeki, na uani kwetu pana mteremko mdogo ambao mtu hauoni mpaka amwage maji.

Gurudumu likatoka. Ngoma ilikuwa imeng'ang'ania, nikaigonga kwa nyundo. Mdogo wangu alikuwa ameishika kwa chini. Pigo la tatu au la nne, gari likasogea mbele kidogo tu, jeki ikainama, gari likashuka. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya ile ngoma.

Sitaeleza mengi. Majirani walilinyanyua gari kwa mikono. Hospitalini walifanya waliyoweza, na vidole viwili havikuokoka. Mama yetu hakunisema hata neno moja, na afadhali angenisema. Mdogo wangu leo ni mwalimu, anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilipomwambia nimeombwa kuzungumza hapa na kwamba naona haya kulitaja jambo hili, alijibu, "Kaka, litaje. Wapo wanafunzi pale ambao likizo hii watashika ngoma ya gari."

Ndugu zangu, siku ile sanduku langu lilikuwa na spana thelathini na mbili, nilizihesabu baadaye. Haikuwamo hata zana moja ya kumkinga mtu. Kwa hiyo mpangilio wangu wa zana huanzia hapo.

KWANZA: ZANA ZA KUKINGA UHAI

Stendi mbili za chuma za kubebea gari, zenye uwezo usiopungua tani mbili kila moja kwa gari dogo. Jeki kazi yake ni kuinua, si kushikilia. Jeki ya mafuta huzuiwa na kipete cha mpira ndani yake. Kipete kikichakaa mafuta huvuja, na gari hushuka bila kukupigia hodi. Inua kwa jeki, weka stendi chini ya chesisi au mhimili, shusha gari likae juu ya stendi, kisha litikise kwa mkono kabla hujaingia chini. Matofali usiyatumie, tofali hupasuka ghafla.

Vigingi viwili vya mbao ngumu vya kuzuia magurudumu, vilivyokatwa kwa umbo la kabari. Seremala yeyote atakukatia kwa bei ya soda. Ukiinua nyuma, zuia mbele. Ukiinua mbele, zuia nyuma.

Kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Kwetu huku, toka Novemba au Desemba hadi Aprili, udongo ni kama uji. Ubao huugawanya uzito, jeki isizame.

Miwani ya kukinga macho. Mashine ya kukatia chuma, ile tunayoiita grenda, yenye jiwe la milimeta 115, huzunguka yapata mara 11,000 kwa dakika. Wanafunzi wa hesabu wapige wenyewe: ukingo wa jiwe lile unakwenda zaidi ya kilometa 230 kwa saa. Kipande kikiruka, kope haikiwahi.

Ndoo ya mchanga mkavu, na ukiweza mtungi wa poda wa kuzimia moto. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji; maji huueneza. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa la mama watoto kule uani. Kwa hiyo vyuma visioshwe kwa petroli; tumia dizeli, nje, mbali na moto.

Na jambo ambalo si zana: mlango wazi. Baridi yetu ya Juni na Julai humshawishi mtu afunge mlango huku injini inanguruma ndani. Moshi wa injini una gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksidi, nayo huua mtu akidhani ana usingizi.

PILI: ZANA ZA MKONO

Hapa ndipo vijana hupenda kuanzia. Ushauri wangu ni mfupi: zana inunuliwe kwa sababu ya kazi, isinunuliwe kwa sababu inang'aa. Kagua kwanza ulicho nacho, gari, pikipiki au mlango wa nyumba, kisha nunua kinachokifungua.

Kwa magari mengi ya Kijapani, spana za namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zitakufanyia karibu kazi zote, na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi. Ongeza namba 13 kwa ajili ya magari ya Ulaya na baadhi ya pikipiki. Chagua zile zenye mdomo wazi upande mmoja na pete upande wa pili. Pete hukamata pembe zote sita za nati, kwa hiyo ndiyo ya kulegezea. Mdomo wazi ni wa kumalizia. Seti ndogo ya soketi na mkono wake ifuate baadaye.

Iko na ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kulitamka mbele ya Mkuu wa Shule. (Kicheko.) Nunua moja, lakini iwe ya dharura, maana huchezacheza na kuila nati.

Bisibisi nne: mbili bapa na mbili za nyota, kubwa na ndogo. Koleo moja ya kawaida na moja ya kukatia waya. Nyundo ya gramu 500 hivi. Tindo. Tupa moja bapa na moja ya mviringo, na zote ziwe na mipini. Tupa isiyo na mpini huingia kiganjani kama kisu. Msumeno wa chuma na vipande vyake vya akiba, meno yakielekea mbele, maana hukata unaposukuma. Wataalamu walipotaka kipande cha kile kimondo chetu ilibidi wakikate kwa msumeno, na alama iko pale hadi leo kwa anayetaka kujifunza subira.

Zana ninayoipenda kuliko zote ni jiliwa, ambalo mjini huitwa vaisi. Lifungwe kwa bolti nne juu ya meza nzito, kimo cha kiwiko chako. Mtu asiye na jiliwa hushika chuma kwa mguu, na ndiyo maana mafundi wengi wana makovu miguuni. Ukiwa na jiliwa unakuwa na mkono wa tatu usiochoka.

Kwa kazi za mbao: msumeno, patasi mbili, randa, futikamba na pimamaji. Hizo zitatengeneza meza, mlango na banda la kuku, na hata meza ya karakana yenyewe.

Juu ya kununua. Tunduma ni mji wa mpakani, spana zinauzwa mpaka juu ya turubai kando ya njia. Nyingi ni chuma laini kilichopakwa mng'aro. Mwombe muuzaji ruhusa, ipitishe tupa ndogo mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza, chuma kimekazwa barabara. Ikila kama inakula sabuni, mrudishie kwa heshima. Spana kuukuu ya chuma kizuri ni bora kuliko mpya ya chuma kibovu. Na spana nzuri inayouzwa kwa bei ya kutupa jioni jioni, iulize ilitoka wapi. Huenda fundi mwenzako anaitafuta.

Wanafunzi wa fizikia nawapa swali moja. Nati ya gurudumu la gari dogo hukazwa kwa yapata nyutoni-meta 100. Spana yenye urefu wa nusu meta itahitaji nguvu gani? Nyutoni 200, yaani sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Sasa kijana anapoliongezea bomba spana yake na kusimama juu yake kwa kilo 60, msishangae bolti ikikatika njiani mbele ya safari. Nguvu nyingi si ufundi.

TATU: UMEME NA MASHINE

Hapa nawaomba mwende polepole. Nunua kwanza testa na mita ya kupimia umeme. Mita ndogo itakuonyesha betri imekufa au haijafa, na itakuokolea bei ya betri nzima. Kisha drili. Grenda ifuate, na kinga yake isiondolewe kamwe, hata kama fundi wa jirani ameiondoa ya kwake miaka kumi iliyopita na bado anaona.

Mashine ya kuchomelea na kompresa, kwa mtu wa kalamu kama mimi, si za kununua. Soketi ya ukutani ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba wati 3,000 tu kwa makadirio. Mashine kubwa ya kuchomelea itaunguza waya za nyumba kabla haijaunguza chuma. Na waya wa kurefushia umeme ufunguliwe wote; ukiuacha umejiviringisha huku unafanya kazi nzito, hupata joto na kuyeyuka.

Aidha, nisieleweke vibaya. Karakana ya nyumbani haikuja kumnyang'anya fundi riziki. Usukani, na breki usizozielewa, mpelekee fundi, umlipe haki yake bila kulia bei, ukae karibu, utazame, uulize. Nusu ya ninayoyajua nimeyapata kwa kukaa juu ya tairi kuukuu nikimtazama fundi. Na ninyi wanafunzi mnaopenda kazi hii, msidhani ni njia ya walioshindwa. SIDO ilianzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA ikaundwa kwa sheria ya 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Milango ipo.

NNE: MAHALI PA KILA ZANA

Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka ubao wa zana katika karakana yetu hapa shuleni. Mwalimu wetu wa ufundi alikuwa amechora kivuli cha kila zana kwa rangi nyeusi. Hakuna aliyetoka kwenda kula kabla kila kivuli hakijafunikwa. Tulimnung'unikia. Siku moja tulichelewa ugali kwa ajili ya bisibisi moja, nayo ikapatikana mfukoni mwa mtu ambaye leo ni mheshimiwa, na yumo humu ukumbini. (Kicheko.)

Leo nina ubao kama ule nyumbani kwangu. Jioni nikitupa jicho mara moja tu, najua kilichobaki chini ya boneti, najua jirani kaazima nini. Kila zana naifuta kwa kitambaa chenye oili, maana masika yetu huleta kutu kwa usiku mmoja. Binti yangu wa miaka tisa ndiye mkaguzi. Hatoki mtu bandani hajakagua. Na gari likiwa juu, yeye huanza na vigingi, kisha stendi, ndipo anaponiambia, "Baba, ingia."

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Jana jioni niliingia katika karakana ya shule yetu. Ubao wa Mwalimu bado upo ukutani, na vivuli bado vinaonekana, lakini vingi havina zana. Nimehesabu kumi na saba vilivyo wazi. Hatuhitaji mfadhili kutoka mbali kwa vivuli kumi na saba. Tuliomo humu tunazidi idadi hiyo. Kila mmoja achague kivuli chake leo, kabla hatujaondoka, aandike jina kwa Katibu, na mkutano ujao kivuli kifunikwe.

Mimi nimeanza. Katika gari langu pale nje zipo stendi nne, vigingi vinne na miwani kumi na miwili. Hivyo havikuwa na kivuli ubaoni siku zetu, kwa hiyo nimemwomba Mkuu wa Shule turuhusiwe kuvichora, tena juu kabisa, mbele ya spana. Atakayevichora ni mdogo wangu. Amekuja nami, ameketi kule nyuma. Atakapovichora kwa mkono wa kushoto, wanafunzi mtazameni vizuri, na asiyeelewa amwulize sababu. Amesema atajibu.